Maji ya Moto Kwenye Friza ya Mama

Mwaka 2006, kwa majuma mengi, umeme nyumbani kwetu Mkuyuni ulikuwa unarudi jioni na kukatika alfajiri. Ulikuwa mwaka wa ukame. Mabwawa ya kufua umeme yalipungua maji, nchi nzima ikaingia kwenye mgawo, na hata ziwa letu lilirudi nyuma. Mawe tuliyozoea kuyaona yamezama hadi shingoni yalisimama makavu, na watoto walichezea mpira pale ambapo zamani mitumbwi ilikuwa inafungwa.

Mama aliuza barafu. Si yale mabonge yanayopakiwa kwenye maboti kwenda visiwani kuhifadhi sangara. Zake zilikuwa barafu za watoto: vifuko vidogo vya nailoni vilivyofungwa fundo, za ubuyu, za ukwaju na za maziwa. Za maziwa ndizo zilizotulisha. Alichemsha maziwa na maji, akatia sukari, kastadi na iliki, akakoroga mpaka mwiko ukaanza kuwa mzito. Kitu kile hakipikiki baridi. Kikiiva kinakuwa cha moto, na cha moto inabidi ukisubiri.

Mama hakuwa na muda wa kusubiri. Wateja wake walikuwa wanafunzi, na walikuja saa nne asubuhi, mapumziko. Kama barafu hazikuganda kabla umeme haujakatika, alfajiri tungekuta uji wa maziwa uliopoa, na uji wa maziwa uliopoa hauna mnunuzi. Kwa hiyo alijaza vifuko mchanganyiko ukiwa bado wa moto, wa kuvumilika mkononi tu, akavifunga, akavilaza vyote chini kabisa kwenye friza. Jirani yetu alimwonya mara nyingi kwamba anaiua friza. Mama alimjibu neno lile lile kila siku, "Ikiingia ya moto inashika chini," akafunga mfuniko.

Asubuhi barafu zilikuwa ngumu kama mawe ya Mkuyuni. Siku alizopata nafasi ya kuacha mchanganyiko upoe kwanza, mara nyingi tulikuta za katikati bado laini. Mimi ndiye niliyekuwa nazitoa, kwa hiyo nilijua.

Mwaka ule nilikuwa kidato cha pili. Mwalimu wa fizikia alikuwa anafundisha jinsi vitu vinavyopoa. Nikanyoosha mkono. Nilianza kwa Kiingereza kama ilivyotakiwa, nikakwama katikati, nikamalizia kwa Kiswahili: kwa nini maziwa ya moto yanaganda haraka kuliko ya baridi?

"Nani kakwambia?"

"Mama."

Darasa lilicheka kabla mwalimu hajasema kitu. Mwalimu mwenyewe hakuwa mtu mbaya. Alisubiri kicheko kiishe, akaandika hesabu ubaoni, akaonyesha kwamba haiwezekani, kisha akasema tutofautishe sayansi na mambo ya gengeni. Kuanzia siku ile mpaka tunamaliza mwaka, jina langu darasani lilikuwa Barafu. Kidato cha tatu, tulipochagua masomo, niliacha fizikia na kemia. Sisemi niliyaacha kwa sababu ya kicheko kile peke yake. Alama zangu za hesabu nazo zilikuwa na la kusema. Lakini sikuuliza tena swali darasani mpaka namaliza kidato cha nne.

Hesabu aliyoiandika mwalimu ilikuwa sahihi, na ni haki niieleze kwa uzito wake.

Chukua maji ya nyuzi 100 na mengine ya nyuzi 35, kiasi sawa. Ili gramu moja ya maji ipoe kwa nyuzi moja, inabidi itoe joto la jouli 4.2 hivi. Ikifika sifuri bado si barafu. Inabidi itoe jouli nyingine 334, huku kipimajoto kikiwa kimesimama pale pale, ndipo igande. Sasa jumlisha. Maji ya nyuzi 35 yanatoa jouli 147, kisha 334, jumla 481 kwa kila gramu. Maji yanayochemka yanatoa 420, kisha 334, jumla 754. Mwenye mzigo wa 754 atamtanguliaje mwenye mzigo wa 481?

Unaweza kusema: lakini cha moto hupoa kwa kasi zaidi. Ni kweli. Isaac Newton aliliona hilo zaidi ya miaka 300 iliyopita: kadiri kitu kinavyozidi joto la mahali kilipo, ndivyo kinavyolipoteza upesi. Ila hilo halitoshi. Fikiria mabasi mawili yanayokwenda Dar es Salaam, moja linatoka Mwanza na jingine Shinyanga, na yote yameondoka saa moja. La Mwanza hata likikimbia vipi, lazima lipite Shinyanga, na likifika pale, la Shinyanga limeshakwenda. Kama kuanzia hapo kila basi linapita kwa mwendo ule ule uliowekwa kwa kila kipande cha njia, la Mwanza halitalipata la Shinyanga mpaka mwisho wa safari. Vivyo hivyo maji ya nyuzi 100 lazima yapite nyuzi 35, na yakifika hapo, yale mengine yameshatangulia.

Hoja hiyo niliibeba miaka sita kama kitu kilichonishinda. Mwaka 2012 nikaingia chuo kikuu, kusoma historia. Mwaka huo huo chama cha wanakemia cha Uingereza kilitangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa atakayeeleza vizuri zaidi kwa nini maji ya moto wakati mwingine huganda kabla ya maji ya baridi. Majibu zaidi ya 22,000 yalitumwa kutoka duniani kote. Rafiki yangu wa bwenini, aliyekuwa anasoma sayansi, ndiye aliyenisimulia, akaongeza kwamba jambo lenyewe lina jina, na jina ni la Mtanzania.

Nilimwomba anitafutie habari hiyo. Aliniletea makala iliyochapwa mwaka 1969 katika jarida la Uingereza la walimu wa fizikia. Kichwa chake kilikuwa neno moja tu lenye alama ya kuuliza. Waandishi walikuwa wawili: Erasto Mpemba na Denis Osborne. Nusu ya kwanza aliiandika Mpemba mwenyewe, akisimulia yaliyompata. Niliisoma nimesimama.

Mwaka 1963 Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, juu ya milima ya Usambara, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wanajitengenezea aiskrimu. Utaratibu ulikuwa wa kuchemsha maziwa, kuyachanganya na sukari, kuyaacha yapoe, ndipo kuyaweka kwenye friji. Nafasi ilikuwa ndogo na ya kugombania. Siku moja Mpemba alikuwa ameshachemsha maziwa yake, akaona mwenzake, ili asikose nafasi, anachanganya maziwa na sukari bila hata kuyachemsha na kuyatia kwenye trei. Mpemba akaona akisubiri yake yapoe, trei ya mwisho itachukuliwa. Akayaweka ya moto. Walipofungua baada ya saa moja na nusu, ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa bado majimaji.

Alimuuliza mwalimu wa fizikia. Akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Akaamini. Baadaye alikutana na rafiki yake aliyekuwa anatengeneza na kuuza aiskrimu mjini Tanga. Huyo alimwambia kwamba yeye huweka mchanganyiko ukiwa wa moto, kwa sababu ndivyo unavyoganda haraka.

Hapo niliacha kusoma kwa muda. Nilimwona mama.

Mpemba alifaulu na kwenda Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya kidato cha tano na sita. Walipofika kwenye somo la Newton na kupoa kwa vitu, akauliza tena. Mwalimu alimwambia kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia nzima. Wenzake wakaichukua. Akikosea hesabu, wanamwambia hiyo ni hesabu ya Mpemba. Hapo ndipo njia yake na yangu zinapoachana. Mimi nilinyamaza. Yeye siku moja alikuta maabara ya baiolojia iko wazi, akachukua bika mbili ndogo, moja akaitia maji ya bomba na nyingine maji ya moto, akaziweka kwenye sehemu ya kugandishia ya friji. Baada ya saa moja, bika ya maji ya moto ilikuwa na barafu nyingi zaidi.

Kisha Osborne, mhadhiri wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam cha wakati huo, alikwenda Mkwawa kuzungumza na wanafunzi. Wakati wa maswali Mpemba akasimama. Maji ya nyuzi 35 na maji ya nyuzi 100, kiasi sawa, friji moja: ya nyuzi 100 yanaganda kwanza. Kwa nini? Wenzake walicheka. Osborne alimuuliza kama kweli amefanya jaribio hilo. Alisema amelifanya. Mgeni akakiri kwamba hajui jibu, akaahidi kwenda kulijaribu. Baadaye aliandika kwamba moyoni alidhani kijana amekosea, lakini aliona si vema swali la mwanafunzi likadhihakiwa, kwani mambo ya kila siku mara nyingi si mepesi kama yanavyoonekana.

Alirudi Dar es Salaam akamwagiza fundi kijana wa maabara afanye jaribio. Fundi akaleta taarifa: maji yaliyoanza yakiwa ya moto ndiyo yaliyoganda kwanza. Akamtuliza mkuu wake kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi. Nilicheka sana nilipofika hapo, kisha nikaona aibu, kwa sababu yule fundi ni mimi wa kidato cha pili. Kaliona kwa macho yake, bado anaamini ubao.

Osborne hakuishia kwenye kuona kwamba jambo ni la kweli. Alitaka kujua joto linatokea wapi. Aliweka bika juu ya kipande cha foamu, ili zisigusane na sakafu ya friji. Alitandaza mafuta juu ya maji, na kuganda kukachelewa kwa saa kadhaa. Maana yake ni kwamba joto jingi lilikuwa linatoka kwa juu. Maji ya moto huzunguka yenyewe: ya juu yakipoa yanashuka, ya chini yenye joto yanapanda, na uso unabaki na joto. Hapo ndipo hoja ya mabasi inapopata ufa. Ilichukulia kwamba basi la Mwanza likifika Shinyanga ni sawa na basi linaloanzia Shinyanga. Lakini huenda njiani limeshusha abiria. Maji yaliyotoka nyuzi 100 hadi 35 yamepoteza sehemu yake kama mvuke, yamepoteza hewa iliyokuwa imeyeyuka ndani yake, na bado yanazunguka. Kipimajoto kinaonyesha 35 kwa yote mawili. Hakionyeshi yametoka wapi.

Kwa mtu anayesoma historia, hilo halikuwa jambo geni hata kidogo.

Wala Mpemba hakuwa wa kwanza kuliona. Aristotle, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alitaja watu wa Ponto, pwani ya Bahari Nyeusi, waliovua samaki kwenye barafu na kumwagia maji ya moto matete yao ili yashikwe na barafu upesi. Francis Bacon na René Descartes nao waliandika juu yake katika karne ya 17. Kisha shule zikapata nadharia nzuri ya joto, na jambo lililokuwa halikai sawa na nadharia likaachwa mikononi mwa waliolitumia, mpaka kijana mmoja wa Magamba alipokataa kuliacha.

Ningependa kumalizia hapo kwa ushindi, lakini habari haikuishia hapo. Katika mashindano yale ya 2012 mshindi alikuwa Nikola Bregović wa Zagreb, na hata jibu lake halikufunga mjadala. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza, Henry Burridge na Paul Linden, walipima kwa makini muda ambao maji huchukua kufika nyuzi sifuri, na hawakupata ushahidi wa kuridhisha kwamba ya moto hutangulia. Walionyesha kwamba kuinua au kushusha kipimajoto kwa sentimita moja tu kunatosha kukudanganya. Mwaka 2020 wengine wawili, Avinash Kumar na John Bechhoefer, huko Kanada, walitumia punje ya kioo isiyoonekana kwa macho, wakaonyesha wazi kitu kilichoanza na joto zaidi kikipoa kabla ya kilichoanza na joto kidogo. Ila hapo hapakuwa na maji ya kugandishwa. Kwenye friji za watu, jibu bado ni: inategemea.

Inategemea nini? Desemba iliyopita nilirudi Mkuyuni na kipimajoto cha jikoni kwenye begi.

Friza ni ile ile, mfuniko umefungwa kwa mpira wa baiskeli. Nilichukua vikombe viwili vya bati vinavyofanana, nikavitia mililita 200 kila kimoja, kimoja maji ya bomba, kingine maji ya nyuzi 80. Nikavilaza chini, pale ambapo mama alikuwa analaza vifuko vyake. Mama aliniangalia kama mtu anayemwangalia mgeni akichota maji kwa chujio.

Usiku wa kwanza, kikombe cha maji ya moto kiliganda kwanza. Nilipiga kelele mpaka jirani akaita kuuliza kuna nini. Usiku wa pili, vivyo hivyo. Siku ya tatu mama alisema nimeifungua friza mno na utandu wa barafu umekuwa mnene, ule weupe kama chumvi unaoota chini na pembeni. Akaizima, akaukwangua wote, akafuta, akaiwasha. Usiku ule maji ya baridi yalishinda, tena kwa mbali. Nikarudia. Yakashinda tena.

Nilikaa kwenye kigoda nikitazama sakafu ya friza. Kisha nikasubiri siku kadhaa utandu uote upya, nikachukua kipande cha boksi jeupe la kubebea samaki, la foamu, nikakiweka chini ya vikombe vyote viwili kama alivyofanya Osborne. Maji ya baridi yakashinda. Nikaondoa foamu, nikaviweka vikombe juu ya utandu. Maji ya moto yakashinda.

Ilikuwa ni utandu. Utandu una hewa nyingi ndani yake, na hewa haipitishi joto vizuri. Kikombe cha maji ya baridi kilikuwa kinakaa juu yake kama mtu aliyelala kwenye godoro. Kikombe cha maji ya moto kiliyeyusha utandu, kikazama mpaka kwenye bati la friza, yale maji machache ya utandu yakaganda tena na kukigandamanisha na bati. Baada ya hapo joto lilipata njia pana ya kutokea. Kwa mfano wa mabasi, la Mwanza lilikuwa limejichongea barabara yake lenyewe.

Bado sijui kilichotokea ndani ya friji ya Magamba mwaka 1963. Bika za Osborne zilikaa juu ya foamu na bado za moto zilitangulia, kwa hiyo yake si utandu. Yetu ni utandu.

Nilimwita mama nikamweleza yote, kwa furaha, mikono ikiruka. Nikamuuliza kwa nini miaka yote hakuniambia.

"Sikukwambia nini?"

"Kwamba ni huu utandu. Kwamba ya moto inayeyusha, halafu inanasa."

"Mwanangu," alisema, "nilikuwa nasema kila siku. Ikiingia ya moto inashika chini."

Alikuwa anasema kila siku. Nilikuwa nayasikia maneno hayo kama mtu anavyosikia redio ya jirani. Siku ile nilipokwenda kuuliza darasani, nilibeba nusu ya kwanza, ya moto inaganda haraka, nikaiacha nyumbani nusu iliyobeba sababu. Kwa miaka mingi nimemlaumu mwalimu kwa kicheko cha darasa. Angeweza kuniuliza swali moja tu, mnaziweka wapi, na mimi ningeweza kumwambia maneno ya mama yalivyo. Hakuna kati yetu aliyefanya hivyo. Yeye alikuwa na ubao, mimi nilikuwa na aibu.

Mpemba hakuwa mwanafizikia. Makala ilipochapwa alikuwa mwanafunzi wa chuo cha wanyamapori cha Mweka, chini ya Kilimanjaro, na kazi yake ikawa ni wanyamapori. Zamani hilo lilikuwa linaniuma, kana kwamba fizikia ilimpoteza. Siku hizi nafikiri zaidi juu ya yule muuza aiskrimu wa Tanga. Makala inamtaja bila jina. Bila yeye, huenda Mpemba angebaki anaamini kwamba alichanganyikiwa.

Nilipokuwa nafunga begi, mama alinirudishia vikombe viwili vya bati, vimeoshwa.

"Hujajaribu maziwa," alisema. "Umejaribu maji matupu. Mimi siuzi maji."

Nikafungua begi, nikatoa kipimajoto. Nje mtoto alikuwa ameshagonga geti, ana sarafu mkononi, anaulizia za ubuyu.